Jinsi ya kusanidi poti za Etheneti kwenye swichi ya Cisco Catalyst 2960-X: mwongozo kamili

Poti ya Etheneti haifanyi kazi peke yake. Kila unachokiweka upande wa swichi, iwe ni kasi, dupleksi (kama kutuma na kupokea vinakwenda pamoja au kwa zamu), VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa) au umeme, kina mwenzake upande wa pili wa kebo, na sehemu kubwa ya malalamiko ya "mtandao uko polepole" hutokana na pande hizo mbili kutokubaliana. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuandika amri yoyote, jua ni kifaa gani kimechomekwa kwenye poti unayotaka kuigusa na kifaa hicho kimewekwaje.

Mwongozo huu unatumia swichi ya Catalyst 2960-X, modeli ya WS-C2960X-24PS-L, ambayo ina poti 24 za shaba za 10/100/1000 (megabiti kwa sekunde), nafasi 4 za SFP (moduli ndogo za kuchomeka, kama zile za nyuzi za kioo), na jumla ya wati 370 za kulisha simu, kamera na vituo vya Wi-Fi kupitia kebo ya mtandao. Amri zilizopo hapa ni za IOS, mfumo endeshi wa swichi hii. Kwenye 2960 za zamani zitafanya kazi karibu vilevile, ila majina ya poti ni mafupi: Gi0/5 badala ya Gi1/0/5. Katika 2960-X namba ya kwanza ni ya swichi ndani ya kundi la swichi zilizounganishwa pamoja, namba ya pili ni 0 siku zote, na ya tatu ndiyo namba iliyochapwa juu ya poti yenyewe.

Kuingia kwenye swichi

Ikiwa swichi ni mpya au huna anwani yake ya IP, tumia kebo ya konsoli. Chomeka upande wa RJ-45 kwenye poti ya konsoli, upande wa pili kwenye kompyuta, kisha fungua PuTTY au programu nyingine ya kuandikia amri za swichi ukiwa umeweka kasi ya 9600, biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kusimamia, na udhibiti wa mtiririko ukiwa umezimwa. Bonyeza Enter mara moja au mbili mpaka jina la swichi litokee, kisha andika:

enable
configure terminal

Amri ya kwanza inakupa mamlaka kamili, ya pili inakuingiza mahali pa kubadilisha usanidi. Swichi iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika mara nyingi huja na usanidi wa mwenye nayo wa awali, pamoja na nenosiri lake, kwa hiyo isafishe kabisa kabla ya kuifunga kwenye raki badala ya kujaribu kurekebisha poti moja moja juu ya kazi ya mtu usiyemjua.

Ikiwa unaingia kwa mbali kupitia SSH (njia salama ya kuandika amri kupitia mtandao), kuna hatari ya kujifungia nje kwa kukosea poti ile ile inayokuunganisha na swichi. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kuanza mabadiliko, andika reload in 15. Swichi itajiwasha upya baada ya dakika 15 na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa mara ya mwisho. Mambo yakienda vizuri unaandika reload cancel na kuendelea. Kumbuka tu kwamba swichi ikijiwasha upya, kila kitu kilichounganishwa nayo hukatika, zikiwamo simu zinazokula umeme wake. Kwa hiyo weka kinga hii saa ambayo ofisi inaweza kuvumilia kukatika huko.

Angalia kwanza hali ilivyo

Kabla ya kubadilisha chochote, tazama poti zote kwa pamoja:

show interfaces status

Utapata jedwali linalofanana na hili:

Port      Name   Status       Vlan   Duplex   Speed    Type
Gi1/0/1          connected    10     a-full   a-1000   10/100/1000BaseTX
Gi1/0/2          notconnect   1      auto     auto     10/100/1000BaseTX
Gi1/0/7          connected    10     a-half   a-100    10/100/1000BaseTX

Herufi "a-" mbele ya thamani ina maana kwamba poti imeipata kwa kujipatanisha yenyewe na kifaa cha upande wa pili, bila mtu kuilazimisha. Neno connected linaonyesha kuwa kebo ina uhai pande zote mbili. Neno notconnect linaonyesha kuwa poti imewashwa lakini haipati ishara yoyote, ama kwa sababu hakuna kebo, ama kifaa kimezimwa, ama kebo ni mbovu. Poti iliyozimwa na fundi kwa amri ya shutdown huandikwa disabled, na ile iliyozimwa na swichi yenyewe baada ya kuona jambo lisilo la kawaida huandikwa err-disabled.

Mstari wa Gi1/0/7 ndio wa kusimama nao. Kifaa cha leo chenye kasi ya 100 na nusu dupleksi iliyopatikana kwa kujipatanisha ni jambo la kutiliwa shaka karibu kila mara: kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu amelazimisha kasi ya 100 na dupleksi kamili upande wa pili, huku upande wa swichi ukiachwa ujipatanishe. Tutarudi kwenye hilo hivi punde, kwa kuwa ndipo penye kiini cha kazi hii.

Kuandika maelezo ya poti

Ingia kwenye poti na uandike inakwenda wapi:

interface gigabitethernet 1/0/5
description Uhasibu, ghorofa ya 2, tundu la ukutani B14

Nafasi ya maelezo inachukua hadi herufi 240, kwa hiyo hakuna sababu ya kuandika "printa" na kuishia hapo. Neno hilo halimsaidii mtu anayetafuta tatizo saa mbili usiku kwenye jengo lenye printa tisa. Andika kifaa, mahali kilipo na namba ya tundu la ukutani, kisha uhakikishe namba hiyo inalingana na iliyobandikwa kwenye paneli ya kebo.

Kasi na dupleksi

Kwa kawaida poti za shaba za swichi hii zimewekwa speed auto na duplex auto, na ushauri wangu ni kuziacha hivyo isipokuwa una sababu inayotajika. Zamani, upatanishi wa kiotomatiki ulipoingizwa kwenye viwango vya Etheneti mwaka 1995, vifaa vya makampuni tofauti vilikuwa havielewani vizuri, na mafundi wakajenga mazoea ya kulazimisha kasi ya 100 na dupleksi kamili kila mahali. Sababu ya mazoea hayo ilikwisha zamani, lakini mazoea yenyewe bado yapo, na ndiyo yanayozaa mistari kama ule wa Gi1/0/7.

Kinachotokea ni hiki. Upande mmoja ukilazimishwa kasi na dupleksi, huacha kutuma ishara za upatanishi. Upande wa pili, ambao bado unasubiri kupatana, unaweza kutambua kasi kutokana na namna ishara zinavyokuja kwenye waya, lakini hauna njia yoyote ya kujua dupleksi. Kanuni inautaka basi uchague nusu dupleksi. Matokeo yake ni kebo yenye taa ya kijani, poti iliyo connected, na pande mbili zinazofuata sheria tofauti za kuzungumza.

Upande wa dupleksi kamili hutuma wakati wowote unaotaka, kwa kuwa unaamini kwamba kupokea na kutuma vinaweza kwenda pamoja. Upande wa nusu dupleksi husikiliza kwanza, na ukipokea fremu (kifurushi cha data cha Etheneti) katikati ya kutuma ya kwake huona ni mgongano, hukata fremu yake na kujaribu tena. Mgongano halali hutakiwa kuonekana ndani ya baiti 64 za mwanzo. Hapa hutokea hata baada ya hapo, na swichi huuhesabu kuwa late collision. Ule upande wa dupleksi kamili, kwa upande wake, hupokea vipande vya fremu zilizokatwa na kuvihesabu kuwa makosa ya CRC (fremu zilizofika zikiwa zimeharibika) na fremu fupi mno, zinazoitwa runts. Ndiyo maana ukifanya ping unaona majibu yanarudi vizuri, kwa kuwa pakiti ni ndogo na zimeachana, lakini mtu akianza kunakili faili kubwa kutoka kwenye seva kasi inaanguka vibaya mno. Watu huilaumu seva, hulaumu mtoa huduma wa intaneti, na kebo ya mita tatu chini ya meza haiguswi.

Dawa ni kuufanya upande wa pili ujipatanishe pia. Nenda kwenye kifaa hicho, urudishe mipangilio ya kadi ya mtandao iwe auto, kisha urudi kwenye swichi:

interface gigabitethernet 1/0/7
speed auto
duplex auto

Ikiwa kifaa ni cha zamani mno, au kinamilikiwa na kampuni nyingine iliyokilazimisha na haitaki kukibadilisha, basi lazimisha upande wa swichi vilevile, kwa thamani zile zile:

speed 100
duplex full

Pande zote mbili zijipatanishe au zote mbili zilazimishwe. Hakuna njia ya tatu iliyo salama. Jua pia kuwa kubadilisha kasi au dupleksi huzima na kuwasha poti kwa muda mfupi, kwa hiyo usifanye hivyo wakati mtu yuko katikati ya mkutano wa video.

Kwa kasi ya 1000 kwenye kebo ya shaba, upatanishi ni sehemu ya kiwango chenyewe, kwa sababu pande mbili lazima zikubaliane ni upi utakaoongoza mapigo ya saa na upi utakaoyafuata. Kulazimisha kasi ya gigabiti hakukupi chochote. Ukitaka kifaa kisipande juu ya 100, kwa mfano kwa sababu kebo ya ukutani ni dhaifu, njia iliyo nzuri zaidi ni kuupunguza uchaguzi unaotangazwa na swichi huku upatanishi ukiendelea:

speed auto 10 100

Na ukiona a-100 kati ya vifaa viwili ambavyo vyote vina uwezo wa gigabiti, shuku kebo kabla ya kushuku usanidi. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya, wakati gigabiti inazihitaji zote nne; kichwa cha RJ-45 kilichobanwa vibaya kinaweza kuziacha jozi mbili zikiwa hai na nyingine zimekufa.

Kuna jambo dogo linaloambatana na haya. Swichi hii hutambua yenyewe kama kebo ni ya moja kwa moja au ya kukingama na kujirekebisha, lakini uwezo huo, uitwao mdix auto, unategemea kasi na dupleksi kuachwa auto. Anayelazimisha thamani hizo asishangae poti iliyokuwa ikifanya kazi ikikataa kuwaka.

Kwenye nafasi za SFP za 25 hadi 28, zikiwa na moduli za nyuzi za kioo za gigabiti, kasi haibadilishwi. Amri inayoruhusiwa ni speed nonegotiate, nayo inatakiwa iwepo pande zote mbili au isiwepo kabisa.

Kuiweka poti kwenye VLAN

Tengeneza VLAN kwanza, kisha uipe poti:

vlan 10
name OFISI
exit
interface gigabitethernet 1/0/5
switchport mode access
switchport access vlan 10
spanning-tree portfast
spanning-tree bpduguard enable

Usiache kuandika switchport mode access hata kama poti inaonekana kufanya kazi bila amri hiyo. Hali ya awali ya poti inairuhusu ikubali kugeuka kuwa trunk, yaani poti inayobeba VLAN kadhaa, iwapo kifaa cha upande wa pili kitaomba, na hicho si kitu cha kuacha wazi kwenye tundu la ukutani ambalo mgeni yeyote anaweza kuchomeka kompyuta yake.

Bila portfast, poti husubiri takriban sekunde 30 baada ya kuwaka kabla ya kuanza kupitisha data, kwa kuwa itifaki ya Spanning Tree inahakikisha kwanza kwamba hakuna kitanzi kwenye mtandao. Kwa baadhi ya kompyuta, muda huo unatosha kabisa kukata tamaa ya kupata anwani kutoka kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za IP. Portfast huondoa subira hiyo, nayo bpduguard huifunga poti papo hapo iwapo mtu atachomeka swichi nyingine badala ya kompyuta. Amri hizi mbili ziende pamoja, na zisiwekwe kwenye poti inayounganisha swichi na swichi.

Ikiwa mezani kuna simu ya IP na kompyuta imechomekwa nyuma ya simu, ongeza switchport voice vlan 20. Poti nyingi zenye usanidi mmoja husanidiwa kwa mkupuo:

interface range gigabitethernet 1/0/1 - 20

Kila utakachoandika baada ya hapo kitaingia kwenye poti zote ishirini, na kosa pia litaingia kwenye poti zote ishirini.

Poti inayokwenda kwenye swichi nyingine au kwenye ruta inabeba VLAN kadhaa:

interface gigabitethernet 1/0/25
switchport mode trunk
switchport trunk allowed vlan 10,20

Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Siku utakapotaka kuongeza VLAN 30, amri ni switchport trunk allowed vlan add 30. Ukisahau neno add, swichi haitakuonya. Itafuta orodha ya zamani na kubakiza VLAN 30 peke yake, na ghorofa nzima itanyamaza kwa sekunde hiyo hiyo. Upande wa pili wa trunk nao lazima uwe na orodha inayolingana.

Umeme kupitia kebo

Poti 24 za modeli hii zinaweza kutoa umeme kwa viwango viwili: wati 15.4 kwa poti katika kiwango cha mwaka 2003, na wati 30 katika kile cha mwaka 2009. Lakini jumla ni wati 370. Hesabu yake ni kwamba zinatosha vifaa 24 vya wati 15.4, au vifaa 12 tu vinavyodai wati 30. Anayepanga kufunga kamera zinazozunguka au vituo vikubwa vya Wi-Fi afanye hesabu hiyo kabla ya kununua. Hali halisi inaonekana kwa:

show power inline

Poti ambayo hutaki itoe umeme iwekee power inline never. Kifaa kinacholishwa umeme kikiganda, power inline never ikifuatiwa na power inline auto hukizima na kukiwasha bila mtu kupanda ngazi.

Ukubwa wa fremu

Kikomo cha kawaida ni baiti 1500, na kwa ofisi nyingi hakuna haja ya kukigusa. Penye seva za kuhifadhi data zinazohitaji fremu kubwa, amri ni system mtu jumbo 9000. Haiwekwi kwa poti moja bali kwa swichi nzima, na haianzi kufanya kazi mpaka swichi iwashwe upya. Vifaa vyote vya njiani viwe na kikomo hicho hicho.

Kuhakikisha

Baada ya kumaliza, soma usanidi wa poti kama ulivyo, kisha usome tabia yake:

show running-config interface gigabitethernet 1/0/5
clear counters gigabitethernet 1/0/5
show interfaces gigabitethernet 1/0/5

Kufuta hesabu za zamani kwa amri ya pili ni muhimu, kwa sababu makosa elfu tano yaliyokusanyika kwa mwaka mzima hayakuambii kama tatizo lipo leo. Mwache mtumiaji afanye kazi kwa saa chache, kisha uangalie tena. Ukiona late collision zinaongezeka, rudi kwenye dupleksi. Ukiona CRC zinaongezeka huku pande zote mbili zikiwa kwenye dupleksi kamili, tatizo ni la kimwili: kebo, kichwa cha RJ-45, au kadi ya mtandao. Pima pia urefu, kwa kuwa kebo ya shaba ina kikomo cha mita 100 kuanzia kifaa hadi kifaa, vipande vya mezani na vya kwenye raki vikiwamo.

Swichi yenyewe inaweza kuipima kebo:

test cable-diagnostics tdr interface gigabitethernet 1/0/5
show cable-diagnostics tdr interface gigabitethernet 1/0/5

Jibu litaonyesha kila jozi ya nyaya kama ni nzima, imekatika au imegusana, na takriban kwa umbali gani. Kipimo hiki kinaweza kukata mawasiliano kwa muda, hivyo mwombe mtumiaji ruhusa kwanza.

Poti iliyo err-disabled usiifungue kabla ya kujua sababu:

show interfaces status err-disabled

Sababu ikiwa ni bpduguard, tafuta swichi iliyochomekwa mezani na uiondoe, kisha uandike shutdown na no shutdown kwenye poti. Unaweza pia kuiambia swichi ijaribu kuifungua yenyewe kwa errdisable recovery cause bpduguard, ambayo hurudia kila baada ya sekunde 300 usipobadilisha muda huo. Mimi huipendelea mahali ambapo hakuna fundi karibu, na huiepuka makao makuu, kwa kuwa poti inayojifungua yenyewe huficha ushahidi wa aliyechomeka kitu kisichotakiwa.

Poti ambazo hazitumiki zifunge kwa shutdown na uziweke kwenye VLAN isiyokwenda popote. Kama poti imevurugika kwa amri nyingi za miaka mingi, ni haraka zaidi kuirudisha katika hali ya kiwandani kwa default interface gigabitethernet 1/0/5 na kuanza upya kuliko kufuta mstari mmoja mmoja.

Yote uliyoyafanya hadi sasa yako kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, yamepotea. Toka kwenye usanidi kwa end, kisha uandike:

copy running-config startup-config

Kama uliweka reload in 15 mwanzoni, andika reload cancel kabla ya kufunga dirisha. Kuhifadhi hakufuti saa hiyo. Swichi itajiwasha upya kwa wakati uliopangwa hata kama usanidi wako hauna dosari yoyote.